Kikombe cha Mama

Tulikuwa wanne: mama, mimi, mdogo wangu Zuhura, na kitindamimba Idi mgongoni mwa mama. Baridi ilikuwa imeisha Riyadh, na ngome ya udongo ya wafalme wa zamani ilifunguliwa bure kwa wageni. Harufu ya iliki ilijaa uani. Mzee wa kahawa alinijazia kikombe. Kila nilipomaliza, alijaza tena. Nilidhani nikikataa tutafukuzwa kabla Zuhura hajauona mlango wa vita, wenye ncha ya mkuki iliyokwama tangu zamani, aliouota wiki nzima.

"Mama, tumbo!"

"Ukitosheka unakitikisa, mwanangu!" Alicheka, akaninywea, akakitikisa. Mzee akapita.

"Nikikua, na mimi nitakunywea chako," nilimwahidi.

Miaka imepita; juzi, sokoni Batha, Zuhura alitikisa kikombe cha kahawa bila hata kufikiri, nikacheka. Mama alifariki mapema, tukiwa bado watoto. Wadogo zangu nimewalea mpaka wamekua. Kikombe chake tu ndicho ambacho sijamnywea.