Sista Aliponiambia Nivue Shati

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, baada ya mke wangu kupandwa na presha. Alipasuliwa asubuhi. Mchana bado alikuwa amelala, na mtoto yuko wodi nyingine, ndani ya sanduku la kioo lenye joto. Mimi nilisimama mlangoni mwa wodi hiyo na mfuko wa nguo za mtoto, zote kubwa mno.

Sista wa makamo, muuguzi wa hapo, akanijia. "Baba, ingia. Nawa mpaka viwiko, halafu vua shati."

"Mimi?"

"Mama hawezi bado. Na mtoto anahitaji ngozi, si shati."

Alinikagua kucha, maana mimi ni seremala, kisha akamlaza mtoto kifuani mwangu, miguu imekunjwa kama ya chura, akatufunga pamoja kwa leso. Mrija mwembamba ulimwingia puani. Uzito wake sikuusikia. Nilingoja kile ambacho watu husema baba hukisikia. Hakikuja. Niliangalia mlango wa kabati ulioning'inia kwa bawaba moja, nikawaza parafujo gani ingeufaa.

Nikawa naenda kila siku. Karakana yangu Kaloleni ilibaki imefungwa. Mama mkwe alifika kutoka Asembo Bay, akatuona, akashika mdomo. "Tangu lini mwanamume akaatamia kama kuku?"

Sista akamwambia kwamba zamani wazazi waliachwa dirishani wakichungulia, na watoto walikuwa wakipoteza joto. Kesho yake Mama mkwe aliniletea leso yake kuukuu, laini.

Siku ya nne mke wangu aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alitutazama sana.

"Anapumua?"

"Anapumua."

Akasogeza kiti chake karibu.

Wiki ya pili Sista aliniuliza, "Na wewe, Baba, uko aje?"

"Anaongeza uzito."

"Sijauliza mtoto."

Nikamwambia ukweli: sikuwa nasikia kitu chochote moyoni.

"Wengi wako hivyo, hawasemi tu," akasema. "Wewe keti naye. Kesho mwambie mama yake pia."

Nilimwambia. Mke wangu akasema, "Hata mimi," akanishika kidole kimoja.

Mtoto alipoanza kunyonya mwenyewe tuliruhusiwa kwenda nyumbani, Migosi. Majirani walipiga vigelegele mpaka ngazini. Mke wangu aliketi kitandani na mtoto, viatu bado miguuni. Mimi nilitafuta kiberiti, nikabandika maji ya chai.