Wakubwa Walipopatana, Baba Alingoja

Kaka yangu hakupelekwa Moscow kusomea udaktari kwa sababu Moscow ilitupenda. Wakubwa wawili wa dunia walikuwa wakishindania watoto wa maskini, kila mmoja akigawa nafasi za masomo, na moja ikadondoka kwetu Mogogosiek. Mimi nilikuwa chuo kikuu Nairobi nikisoma siasa, nikidhani ninaelewa.

Redio ilipotangaza kwamba uhasama wao umekwisha, tulikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai, tukisubiri lori la kiwanda. Jirani mmoja akamwita mama kwa sauti:

"Mama Daktari! Wazungu wamepatana. Sasa kijana anarudi!"

"Wamepatana kwa faida ya nani?" niliuliza.

"Huyu wa chuo, hata mvua ikinyesha anaiuliza kitambulisho," akasema, na foleni yote ikacheka.

Mama hakucheka. Alilelewa akijua kwamba watu waliopigana wakipatana, kila upande hurudisha kwanza watoto wa wenzao. Basi akaamini. Jioni hiyo alisugua kibuyu kwa mkaa, akaanza kugandisha mursik, maziwa ya kumpokea msafiri. Naye baba, aliyekuwa na kidonda mguuni kilichogoma kupona, akakataa kwenda hospitali ya misheni.

"Nishikwe mguu na mgeni, na mwanangu yuko njiani?"

Nilikwenda ubalozini kuuliza. Bendera ilikuwa imebadilishwa. Afisa aliniambia kwa upole kwamba nchi iliyomchukua kaka yangu haipo tena. Pesa zake za masomo zilikwisha pamoja nayo, na tiketi ya kurudi pia. Nilimuuliza kama katika kupatana kwao kuna mtu aliyewakumbuka wanafunzi. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza bei ya ng'ombe.

Nilirudi nikamweleza baba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe unabishana na kila kitu," alisema. "Hata amani?"

Akaendelea kungoja msimu mzima wa mvua. Hatimaye tulipombeba kwa machela hadi barabarani, mguu ulikuwa mweusi mpaka juu ya goti. Daktari aliyeukata alikuwa Mmarekani, kijana wa umri wa kaka yangu. Baba alipozinduka alimkazia macho kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kipsigis kama huyu ndiye tuliyepewa badala ya mwanawe.