Ndimi za Mvule

Juzi nilipita karakana moja pale Kayanga, harufu ya mvule uliorandwa ikanisimamisha mlangoni. Ndugu yangu, hapohapo nikawa mtoto tena kwetu Songambele, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ninawanyonyoa mabawa huku baba akipiga randa uani.

Alikuwa anamtengenezea bibi kitanda. Bibi alikuwa hospitali, nyonga imeharibika, asingeweza tena kuinuka kutoka mkekani, na kesho yake angeletwa nyumbani. Kwa haraka zake baba akazikata mbao za fremu zikawa fupi mno. Hazikubaki ncha za kuchonga ulimi wa kuingia kwenye miguu ya kitanda. Mbao nyingine hakuwa nazo.

"Nitapiga misumari," alisema.

"Ilegee, mama yako aanguke?" mama akamjibu.

Nyumba ya pili aliishi baba mdogo, fundi pia. Walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa migomba, na tangu mvua zianze hawakusalimiana. Hakuna aliyenituma. Nilikimbia mwenyewe nikamweleza.

Alikuja na kipande cha mvule mkavu kwapani. Akasimama.

"Shikamoo, kaka."

Baba akaiweka randa chini. Mama naye akaacha kukoroga chungu.

"Marahaba," baba akasema. "Mbao nimeziharibu."

"Hazijaharibika. Toboa tundu kwenye mguu na kwenye ubao. Mimi nachonga ndimi kutoka kipande hiki, tunazipachika kwa gundi."

Mmoja akashika patasi, mwingine msumeno. Kila ulimi ulizama nusu mguuni, nusu kwenye ubao, kisha wakaibana fremu kwa kamba, wakivuta pamoja. Tulikula ndizi na maharage palepale juu ya maranda.

Bibi alipoletwa alikikalia, akajitingisha makusudi. "Nani kakitengeneza?" Kila mmoja akamwonyesha mwenzake kidole. Bibi alicheka mpaka akashika nyonga.

Siku hizi vitanda vingi kwetu ni vya chuma. Bibi hayupo, baba mdogo naye ametutoka, na sauti zao wakibishania mpira wa redioni nazitamani mno. Lakini binti wa baba mdogo ni fundi. Baba, macho yamefifia, hukaa karibu naye kwenye kigoda, akipapasa kila kiungo kwa kidole gumba. Kikiwa kimekaa sawa, huitikia tu:

"Eeh. Endelea, mwanangu."