Karatasi ya Tatu ya Manowari

Mume wangu hawezi kuchinja kuku. Miaka yote ya ndoa yetu kuku wa sikukuu amechinjwa na mimi au na jirani, yeye akiwa ameshajitafutia shughuli nyuma ya nyumba. Mtu huyohuyo ndiye aliyeijaza sebule yetu hapa Maisaka manowari, meli za vita za kijivu zenye mizinga inayozunguka, zote ameziunda kwa mikono yake. Nilipomuuliza kwa nini asiunde banda la kuku tukapata mayai, alisema kwenye manowari hakuna pambo. Kila kipande kina kazi, na yeye anapenda vitu vyenye kazi.

Ni fundi simu, ana kibanda karibu na stendi. Kutwa ameinamia lenzi, anachomelea nyaya ambazo mimi sizioni hata nikikodoa. Ungedhani akirudi nyumbani atataka kupumzisha shingo. Hapana, anakula, anafuta meza kwa kitambaa mara mbili, halafu anainama tena. Mwenye duka la vitambaa jirani na kibanda chake humtania kila akipita na boksi la viatu kwapani: "Mzee, hii nayo ukiishusha ziwani, viboko watalipa nauli?" Yeye hucheka tu na kumwomba kama ana maboksi mengine.

Mwanzoni niliona anapoteza muda, na nilimwambia hivyo bila kupaka sukari. Kilichonigeuza ni kumtazama. Mbavu za meli huzikata kwenye kadibodi ngumu, moja moja, na kuzisimamisha kwenye uti mrefu wa kati. Mitutu ya mizinga ni vile vijiti vya plastiki vya pamba za masikio. Kamba za milingoti ni nyaya za shaba kutoka kwenye chaja zilizokufa, nyembamba kuliko unywele wangu. Ili mabati ya ubavuni yaonekane yamepigiwa misumari, hubonyeza karatasi kwa ncha ya sindano upande wa ndani, kitone baada ya kitone, mamia, na vyote vimekaa kwenye mstari. Nilijaribu siku moja. Vitone kumi tu, vikaenda kama mbuzi waliotoka zizini.

Na rangi hapaki kiangazi. Vumbi la Babati likianza kutembea hakuna rangi mbichi iliyo salama, kwa hiyo huunda miezi yote ya ukavu na kusubiri mvua zinyeshe ardhi itulie. Hapo ndipo hufungua makopo yake asubuhi mapema, akachanganya nyeusi na nyeupe na tone la bluu mpaka apate kijivu anachokitaka. Mwisho huchukua rangi ya kahawia aliyoizimua sana, akaipitisha chini ya nanga, na meli ya kadibodi inaota kutu. Nakiri wazi, nilikuwa naona fahari. Tatu kati ya meli zake nimeziweka kwenye kabati la kioo dukani kwangu, na mteja akisifia huwa namweleza kila kitu kana kwamba nimeunda mimi.

Duka langu ni steshenari. Natoa kopi, nachapa barua na fomu. Michoro ya meli mume wangu huipata mtandaoni, huniletea kwenye flashi, mimi naichapa. Ile ya mwaka jana ilikuwa kubwa kuliko zote, urefu wa zaidi ya mita moja ikikamilika, na mchoro wa mbavu ulikuja kwa karatasi nne za kuunganishwa kwa gundi. "Mama," aliniambia, "usiguse ukubwa. Itoke kama ilivyo."

Aliunda kiangazi chote. Mvua zilipokaribia nilichapa mchoro wa sitaha, ile sakafu ya juu ya meli, naye akaikata na kuiweka juu ya mbavu. Mbele ilikaa vizuri. Kuelekea nyuma ikazidi pande zote mbili, karibu milimita mbili huku na milimita mbili kule. Akakata nyingine. Ikazidi vilevile. Ya tatu pia. Alizunguka meza, akafumba jicho moja, akafumba la pili, kisha akakaa chini.

"Baba, kubali tu," nilimwambia. "Macho yamezeeka. Na mikono nayo si ya kijana."

Nilisema kwa wepesi, nikiwa napepeta mchele. 

Wiki iliyofuata dada mmoja alikuja dukani kwangu analalamika kwamba mume wangu ameikataa simu yake. Kazi ilikuwa ndogo, sehemu ya kuchajia, lakini alimwambia atafute fundi mwenye macho. Nilipouliza nyumbani, alisema hataki kuharibu mali za watu. Kama hawezi kukata kadibodi sawasawa, ana haki gani ya kushika ubao wa simu? Nikajua hapo kwamba si meli tena inayozungumzwa. Kazi hiyo ndiyo anayoijua tangu ujana wake, na alikuwa anaiaga polepole, mteja mmoja mmoja. Niliogopa kweli, lakini nikaendelea kuamini kwamba ni macho. Nilimpeleka kupimwa. Mpimaji alisema kwa umri wake anaona vizuri sana. Mume wangu alitoka nje akasema wapimaji siku hizi wanafariji watu.

Kisha akaja mwalimu wa jiografia kutoka Bonga kuchapisha ramani za mtihani. Nilimpa, akatoa rula mfukoni, akapima, akatikisa kichwa.

"Mama, sentimita hii siyo sentimita. Mashine yako imepunguza ramani."

Nilitaka kumjibu vibaya, maana sipendi kufundishwa mashine yangu. Lakini alikuwa sahihi. Kabla ya kuchapa, kompyuta huuliza kama ipunguze kazi kidogo ienee kwenye karatasi, na mimi hubonyeza ndiyo. Wateja wangu wa fomu na vyeti hawataki maandishi yakatwe pembeni, na mkono wangu umezoea hivyo kiasi kwamba siulizi kichwa. Nilimchapia upya, akashukuru, akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama.

Nilikumbuka karatasi ya tatu. Siku ile nilipochapa mbavu, mashine iliikwamisha, nikaivuta ikachanika. Wazazi walikuwa wamejazana na fomu za shule za watoto wao, nikairudia harakaharaka.

Nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sifanyi hata kwa msiba wa mbali. Njiani niliwaza ujanja. Ningeweza kuchapa nyingine, nikaiweka mahali pa ile, nikamwachia agundue mwenyewe. Hata uongo wake niliupanga. Lakini nilipoingia nilimkuta anapanga vifaa vyake kwenye kopo la biskuti: koleo ndogo, sindano, brashi zilizooshwa. Alisema anakwenda kumpa fundi mwenzake. Ujanja wote ukaniishia.

Nilitandaza mezani zile karatasi nne za mchoro wa mbavu, nikaweka rula juu.

"Pima," nilisema.

Alipima ya kwanza, ya pili, ya nne. Alipima ya tatu. Palipotakiwa kuwa na sentimita kumi, palikuwa na pungufu ya milimita tatu. Akachukua mbavu za nyuma, akazipima moja baada ya nyingine dhidi ya karatasi ile. Zilikuwa sawa nayo kabisa, hakuna hata moja iliyopishana kwa upana wa mstari wa kalamu. Nilikuwa nimefanya kosa kwa haraka, na yeye alikuwa ameliunda kosa langu bila kukosea popote.

"Ni mimi," nilisema. "Nilibonyeza vibaya. Macho yako hayana shida. Na yale niliyokuambia, nisamehe."

Aliiweka rula chini. Nilitegemea acheke, au afoke, ningestahili vyote viwili.

"Mistari haikukutana tangu siku ile ya kwanza naziunganisha," alisema. "Niliiona, Mama. Niliiona kabisa. Nikasema karatasi ameitoa mke wangu, na nilimwambia asiguse ukubwa, haiwezi kuwa na kosa. Basi ni macho yangu."

Nililia. Yeye alifungua kopo la biskuti, akatoa msumeno mdogo, akaweka alama mahali mbavu mbovu zilipoanzia. Akaniomba niishike meli isitikisike, nikaishika kwa mikono miwili, akaanza kukata.