Sisi Tuliomtetea Mwigizaji

Kabla hajakanyaga Lamu, mwigizaji yule alikuwa ameshaingia nyumbani kwetu kila jioni kwa miaka. Katika tamthilia aliigiza baba aliyefiwa na mke, mpole, mshika dini, anayelea mabinti watatu bila kupandisha sauti. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Baba. Mama yangu hakuwa na hamu na runinga, lakini sura ya mtu yule ikitokea tu, alikuwa akivuta mtandio wake na kujifunika vizuri, kana kwamba mgeni wa kiume amepiga hodi. Tulimcheka. Naye alitujibu, "Mtu wa heshima huyo, hata akiwa ndani ya kioo."

Mimi ni fundi wa nguo. Nimeshona hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, zaidi ya miaka ishirini: buibui, kanzu, magauni ya harusi. Kaka yangu ni fundi wa mashua kule Matondoni, na binti yake alikaa kwangu tangu alipoanza sekondari. Alipomaliza shule akabaki, nikamfundisha kazi. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu, na mdomo mwepesi pia. Akikata kitambaa alikuwa akisimulia, akitia uzi kwenye sindano alikuwa akisimulia.

Tamthilia ile ilipokuja kupigwa picha Lamu, walikodi nyumba kubwa ya kale jirani na kwetu kwa wiki tatu. Wakanitafuta nishone nguo za mtindo wa zamani, na binti wa kaka yangu wakamchukua awapigie pasi na kuwavisha waigizaji. Sitaficha fahari niliyokuwa nayo. Siku ya pili tu, mwigizaji mwenyewe alikuja hadi dakani kwetu, pale kibarazani mlangoni, akamwamkia mama yangu kwa kuinama, "Shikamoo, Bi," akampa pakacha dogo la halwa. Watu walijaa kichochoroni kupiga naye picha. Wanaume walisahau kwenda kula, na wanawake waliokuwa hawatoki mchana walitoka.

Wiki ya pili, siku moja baada ya adhuhuri, binti alirudi mapema. Aliketi chini kando ya cherehani na mkono wa kulia ameubana ubavuni.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Gauni limeraruka."

"Limeraruka vipi?"

Akainua mkono. Mshono ulikuwa umeachia kutoka kwapani hadi karibu na kiuno, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimechanika pembeni mwa mshono. Mimi ni fundi. Najua nguo iliyonaswa na msumari, na najua nguo iliyovutwa.

Akanieleza, akitazama mkeka. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Mwigizaji alimwambia abaki amrekebishie ukosi wa kanzu, na alipokaribia, mtu yule akafunga mlango kwa komeo. Alimshika. Alimziba mdomo kwa kiganja. Binti aliponyoka kwa sababu mtu alikuja kugonga mlango, akimwambia mwigizaji, Baba, kamera ziko tayari.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, shangazi."

"Basi liishie hapa hapa," nikasema. "Usimwambie bibi yako, usimwambie baba yako. Jina la msichana likishaingia matope, hakuna sabuni ya kulifulia."

Niliamini kwamba namwokoa. Nilimvua lile gauni, nikalishona siku ile ile, mshono ukakaa hata mimi mwenyewe nisingeujua. Na kesho yake, ili watu wasiulize, nilikwenda mimi badala yake. Mwigizaji alinikuta nimeinamia pasi. Akauliza kwa sauti ile ile tuliyoijua, "Mtoto yuko wapi leo?" Nikamwambia anaumwa. Akasema, "Mpe pole sana." Nikaendelea kumpigia pasi kanzu yake.

Ikapita miaka mitatu. Binti alinyamaza. Sisemi alinyamazia jambo lile tu, alinyamaza kabisa. Kazi ilikwenda, lakini masimulizi yaliisha. Wateja walinisifu, "Mtoto wako ametulia, mashallah," nami nikapokea sifa. Ikaja posa kutoka nyumba ya watu wema wa Langoni, kijana mwenye kazi bandarini, tukaikubali.

Kisha asubuhi moja mwigizaji mmoja wa kike, huko Nairobi, alijirekodi akilia akieleza aliyofanyiwa na mtu yule. Kufika alasiri, wawili wengine walikuwa wamesema yao.

Wanawake wa mtaa wetu tuna kundi kwenye simu. Huwa ni la matangazo: fulani kafariki, maji yatakatwa, pete imeokotwa. Siku ile lilifurika. *Mbona hawakusema siku ile ile? Wanatafuta umaarufu hao. Wanawake wa bara hawana haya. Mtu ana mabinti wake, atafanya hivyo?* Nikakumbuka kwamba mabinti wale walikuwa wa tamthilia tu. Mtu yule hakuwa na mtoto wa kike. Mmoja akatuma picha aliyopiga naye kichochoroni kwetu, akaandika chini, *Baba yetu, tuko nawe.* Wengine wakaiga, kila aliyekuwa na picha akaitoa. Mwalimu mmoja wa madrasa aliandika kwamba tungoje, tusihukumu upande wowote. Akajibiwa kwa ukali mpaka akajitoa kwenye kundi.

Kwa wanaume ilikuwa vicheko. Nilipita barazani nikitoka sokoni, nikasikia mmoja akiuliza, "Mwanamke akiingia chumbani kwa mwanamume amekwenda kusali?" Baraza zima likaangua kicheko, na miongoni mwao walikuwemo watu ninaowaheshimu mpaka leo.

Nyumbani, mama yangu alitikisa kichwa. "Wamuonea," akasema. "Mtu aloniamkia kwa adabu namna ile? Dunia hini!"

Binti alikuwa akimmiminia chai. Aliweka birika chini taratibu, akapanda juu. Nilimfuata nikamkuta amesimama katikati ya chumba.

"Shangazi, nami nitasema."

"Una posa, mwanangu."

"Najua."

"Watakula nyama yako."

"Wanamwita yule wa kwanza mwongo. Mimi najua kwamba si mwongo. Sasa nikinyamaza, nami nitakuwa nani?"

Nilimsihi. Nilimtajia baba yake, nilimtajia bibi yake. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, na siku ya tatu akazungumza na mwandishi wa habari kwa simu, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Halikutajwa. Waliandika tu, "msichana aliyekuwa akiwavisha waigizaji Lamu." Hilo lilitosha. Mji wetu ni wa vichochoro. Huwezi kuficha hata chungu kilichoungua.

Kesho yake walikuja wanawake watano kuchukua nguo za harusi. Nguo za wawili tu ndizo zilizokuwa tayari, na wale watatu wengine walijua hivyo. Waliketi. Walikunywa maji. Kisha mkubwa wao, mama mmoja tuliyecheza naye utotoni, akaniuliza mbele ya wote:

"Bi, wewe ulikuwa ukiingia nyumba ile. Hebu tuambie, uliona kitu?"

Nikawaza: posa, mtaa, kaka yangu, wateja. Nikawaza na pasi ile niliyoishika kwa mikono yangu.

"Mimi sikuona kitu," nikasema.

Haikuwa uongo. Kwa macho yangu sikuona. Lakini chumba cha pili, nyuma ya pazia, binti alikuwa akikata kitambaa, na sote tulikuwa tukisikia mkasi. Niliposema vile, mkasi ukanyamaza, haukuendelea tena.

Hawajafika mwisho wa kichochoro, maneno yangu yalikuwa kwenye simu. *Hata shangazi yake mwenyewe kasema hakuna kitu.* Kufika magharibi yalikuwa yametoka Lamu, yamewafikia watetezi wake wa Mombasa na Nairobi, watu nisiowajua wakiyanukuu kama ushahidi. Nilitafutwa nipongezwe kwa ukweli wangu.

Mama wa mchumba alikuja na dada yake. Walizungumza vizuri, hawakumvunjia mtu heshima. "Hatuna neno na mtoto," akasema, "ila kijana hayuko tayari." Maji ya ukwaju niliyowawekea hawakuyagusa.

Kaka yangu alifika siku ya Ijumaa, baada ya sala, miguu ina vumbi la njia yote ya Matondoni. Hotuba ya msikiti aliosalia ilikuwa juu ya kusitiri aibu, na watu walikuwa wakimgeukia kumtazama. Alikataa kiti. Nilidhani atamuuliza binti yake. Alinigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

Kaka yangu si mtu wa maneno. Alisimama pale, mikono yake mikubwa inaning'inia, akawa anatazama ukuta.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu nakuja hapa, nakula chakula chako, nakushukuru kwa kunilelea mwanangu." Kisha akamwita binti yake aje kwake, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Ndoo, mama. Twende zetu nyumbani."

Binti alibeba kitu kimoja tu, mfuko wa nguo. Mkasi wake mzuri aliuacha juu ya meza.

Nilikaa na nyumba ile kimya siku nne. Ya tano nikamweleza mama yangu yote, tangu gauni mpaka pasi. Alikuwa ameketi juu ya mkeka na tasbihi mkononi. Hakunilaumu, wala hakulia. Akasema, "Na halwa yake tukaila." Kisha akaniambia nitoe runinga ukumbini.

Nikapata kwa kaka yangu nambari ya wakili, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa akiwasimamia wale wasichana, na sasa binti pia. Kaka alinipa bila salamu. Nilisafiri, nikaandikisha maelezo yangu. Wakili aliandika kila kitu, kisha akaweka kalamu chini. "Maneno yako ya kwanza watayatumia dhidi yako, unajua?" Nikamwambia najua. "Na kwa nini umekuja sasa?" Nikamwomba anionyeshe pa kutia sahihi.

Nilirudi Lamu nikarekodi ujumbe wa sauti kwenye lile kundi la wanawake. Niliurudia mara nyingi kabla ya kuutuma. Nilisema kwamba niliulizwa nikajibu sikuona, lakini binti aliniambia siku ile ile, na gauni lililoraruliwa nililishona mimi. Nilisema mtoto ni mkweli, na mwoga ni mimi.

Niliona wamesikiliza, mmoja baada ya mmoja. Hakuna aliyejibu. Saa nzima ikapita, kisha mtu akatuma tangazo la mzee mmoja aliyefariki Kililana, na ghafla wote wakaandika, wakimwombea maiti rehema na kuipa familia subira. Maneno yangu yakapanda juu na kupotea. Wateja wangu walipungua polepole, bila ugomvi. Waliosalia husalimia, hupimwa, huondoka.

Mwigizaji alikana kila kitu. Kwa miezi kadhaa hakuonekana. Sasa amerudi kwenye kituo kingine, katika tamthilia mpya, na jioni nikipita vichochoroni naisikia sauti yake ikitoka madirishani. Kesi ipo. Huitwa, huahirishwa, huitwa. Mmoja wa wale watatu wa mwanzo amejiondoa. Binti wa kaka yangu hajajiondoa.

Yeye yuko Malindi, kwa ndugu wa mama yake, anashona katika duka la watu. Nilikwenda kumtembelea mara moja tu. Alinipokea kwa adabu zote, akaniandalia, akauliza miguu ya bibi yake inaendeleaje. Alikuwa amekonda. Tulipomaliza kula nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu Mokowe niliposhuka boti, na ndani ya basi, lakini yalitoka vipande vipande.

Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja.

"Nilipokwambia siku ile," akasema, "sikutaka umfanye kitu. Najua usingeweza. Nilitaka useme tu kwamba amenikosea."

Nikaanza kukusanya vikombe mezani.

"Nimekusamehe, shangazi. Wallahi nimekusamehe. Lakini usije mara kwa mara. Kila nikikuona naisikia sauti yako siku ile, na inanichukua wiki nzima kukaa sawa."

Nikamwambia sawa. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanibusu mkono kama alivyofunzwa, nami nikashuka kwenda kituoni kungoja basi la kurudi.