Mistari ya Kambale

Yale majengo matatu ya vioo pale ufukweni, watu wote wanayajua kwa juu: mabenki, kampuni za bima, mawakili wenye viatu vinavyong'aa kuliko sahani. Kwa chini anayajua mtu mmoja, na ukimwita kwa jina alilopewa na mama yake hageuki, maana ni miaka ishirini na miwili sasa anaitwa Kambale.

Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayefagia ghorofa ya thelathini na moja. Walikuwa wakila chakula cha mchana penye mlango wa mizigo. "Mtu gani kutwa yumo majini, jua halijui? Huyu kambale huyu!" Wapakuzi wakacheka, na jina likashika.

Kazi yake ni pampu. Majengo yote matatu yamekalia shimo moja, ghorofa nne kwenda chini, na ile ya nne iko chini ya usawa wa bahari. Maji hupenya. Kila asubuhi Kambale huchovya kidole sakafuni akaonja. Yakiwa matamu, kuna bomba limepasuka. Yakiwa ya chumvi, ni bahari yenyewe imekuja kazini. Hapo huwasha pampu, kisha huandika daftarini. Daftari lina safu mbili tu: pampu nzima, pampu mbovu. Maji yamefika wapi, hakuna pa kuandika. Kwa hiyo kila mwaka, kwenye bamvua kubwa, bahari inapojaa kupita kawaida yake, alichukua msumari akakwaruza mstari ukutani palepale maji yalipoishia, na mwaka pembeni. Mstari wa kwanza ulikuwa kwenye kifundo cha mguu. Wa mwisho ulikuwa juu ya goti.

Pampu ya tatu ilikufa mwaka juzi. Aliomba nyingine kwa mdomo, halafu kwa barua nne. Kwa sababu hatua sita kutoka hapo kuna chumba cha umeme wa lifti zote, na maji yakivuka kizingiti chake kilichoinuliwa, lifti zitasimama na watu wake ndani.

"Kwani bado kiasi gani?" shemeji yake aliuliza.

"Vidole vinne."

"Basi nitafutie kazi ghorofa ya kwanza."

"Huko wanataka wenye sura, shemeji."

"Ndiyo maana wewe wakakuzika!"

Miezi mitatu kabla ya kustaafu, msimamizi wa majengo alimwambia kwamba wakaguzi wanakuja, na watashuka mpaka chini kabisa. Kambale akaona barua zake hatimaye zimesomwa. Siku hiyo alitembea kama kijana.

"Bosi, basi naomba ule ukuta usafishwe," alisema. "Umeota ukungu, mistari haionekani vizuri."

"Wazo zuri sana, mzee wangu," msimamizi alijibu, akaandika.

Jumatatu Kambale alishuka akakuta ukuta mweupe. Mafundi walikuwa wameukwangua, wakaupiga lipu, wakaupaka rangi. Akapitisha kiganja. Laini kama shavu la mtoto mchanga. Alitafuta kwa kucha mistari yake, ya mwaka huu na ya mwaka ule, asipate hata mkwaruzo mmoja.

Wakaguzi walifika saa nne, maji yamekupwa, sakafu imekauka. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani, alimsikiliza bila haraka.

"Yalifika wapi, mzee?"

"Hapa." Akashika paja lake juu ya goti.

"Una kumbukumbu yoyote?"

Akanyoosha mkono ukutani. Wote wakatazama weupe.

"Mzee wetu anakaribia kupumzika," msimamizi alisema kwa upole. "Tutamkosa."

Yule mama akaandika: kuta, safi. Wakapanda.

Mchana shemeji yake alikuja kwa hasira. "Mbwa gani aliyewaambia wapake?"

"Mimi."

Shemeji akammegea nusu ya chapati yake. Ilikuwa mara ya kwanza.

Bamvua iliyofuata haikuchelewa. Kambale alisimama ndani ya maji mpaka yalipotulia, akatoa msumari, akakwaruza ukuta mweupe. Kizingitini vilibaki vidole viwili. Mstari mmoja, peke yake, kama kosa la fundi rangi. Akafungua daftari: nzima, mbili; mbovu, moja.

Kisha akapanda, suruali inachuruzika, akamkuta shemeji yake anangoja lifti na ndoo yake.

"Leo panda kwa ngazi."

"Thelathini na moja? Na goti hili, shemeji?"

Lifti ikafunguka, tupu, taa zote zinawaka. Shemeji akainua ndoo, akaingia.