Funguo Ndani ya Friji

Kila alipoingia nyumba ya mtu kupiga filamu, Inshirah alichomoa waya wa friji, kisha akaweka funguo za gari lake humo ndani. Mngurumo wa friji huharibu sauti, na bila funguo asingeweza kuondoka akaacha chakula cha wenyewe kioze. Nilizihariri filamu zake za tiba kwa miaka mingi hapa Kairo. Hilo la friji hakuliacha kamwe, na sikumwona akitulia kitini.

Alianza na kichocho cha wakulima wa Delta ya Nile, akahamia kwenye figo, kisha saratani, na hapo akanasa. Kwetu neno hilo halitamkwi. Watu husema "ule mbaya", tena kwa kunong'ona, na wanawake huchelewa kwenda hospitali kwa kuogopa kuulizwa wanaumwa nini. Inshirah alitaka walitamke mbele ya kamera.

"Ukimwita atakuja, mwanangu," Umm Hashim, muuza jibini wa Shubra, alimwambia huku akijivutia shela kifuani.

"Ameshakuja, mama. Amekaa, na chai amekunywa."

Umm Hashim alicheka mpaka shela ikamteleza, akalitamka neno lenyewe.

Mwaka jana ugonjwa ukampata Inshirah mwenyewe. Akaniita kwake, ghorofa ya nne, nimrekodi akilisema neno lile.

"Nimewabana wenzangu wee. Sasa zamu yangu."

Nikachomoa friji, nikatia funguo zangu. Akaanza: "Mimi ni Inshirah. Nina…" Akainuka kufunga dirisha. Akarudi. "Nina ule…" Akaenda jikoni kutazama chai ambayo hatukuwa tumeibandika.

"Kaa basi, dada."

"Umeniona nikikaa lini?"

Tulirudia hadi jua likahama ukutani. Mwishowe akasema nifungashe, tutajaribu wiki ijayo. Hakunitazama usoni. Wiki hiyo hakuifikia.

Siku ile ya kurekodi, nilikuwa nimeshafika kwenye gari nilipokumbuka funguo. Nikamwita kutoka chini. Akatokea kwenye roshani, akateremsha kwa kamba kapu alilokuwa akinunulia mboga kwa wachuuzi wa chini, funguo zikiwa ndani, bado za baridi. Muuza viazi vitamu alisimamisha mkokoteni wake ili kapu lipite. Inshirah akainama juu ya ukingo, akapaza sauti, mtaa mzima ukainua vichwa.

"Friji nimeshawasha. Na nina saratani, umesikia? Saratani. Na wewe, mwanamke, kamera umeitia mkobani."